Kupendeza Si Pesa

Imani kwamba kijana mwenye kipato kidogo hawezi kupendeza imeenea Tanga na mwambao wote wa kaskazini, kuanzia Horohoro mpakani hadi Pangani na vijiji vilivyo kusini yake. Husemwa kwa maneno matatu: kupendeza ni pesa. Wazazi huyatumia kuwanyamazisha watoto wao, wenye maduka huyatumia kuuza, na vijana wenyewe huyatumia kueleza kwa nini wamekata tamaa au kwa nini wamekopa. Kauli hiyo si kweli. Historia ya mavazi ya pwani inaikanusha, na soko la nguo la leo linaikanusha vilevile. Ubaya wake zaidi ni kwamba humtia aibu kijana asiye na kitu na humtia deni aliye na kidogo.

Jambo la kwanza la kuweka sawa ni nini hasa kinachompendezesha mtu. Katika mitaa ya Ngamiani, ile inayoitwa kwa namba, anayepita akasifiwa husifiwa kwa sababu nguo imemkaa, inafaa kwa mahali anapokwenda, na imefuliwa ikapigwa pasi. Anayemsifu hajui bei, wala hana haja ya kuijua. Suruali ya bei kubwa inayoburuta chini na shati linalovuka mabega havimpendezi mtu hata kama risiti ipo mfukoni. Pesa hununua kitambaa na jina la kiwanda. Hazimpimi mtu kifua, hazimchagulii rangi, wala hazimfulii kola. Kazi hizo hufanywa na maarifa, na maarifa hayauzwi dukani.

Historia ya mwambao huu inathibitisha hivyo. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa bandari ya misafara ya pembe za ndovu, na kando ya mto wake kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Mavazi yalikuwa mpaka kati ya muungwana na mtumwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapwa mwaka 1903, alieleza kwamba mtumwa wa zamani alikatazwa vitu vilivyokuwa alama ya uungwana, kama vile kofia na viatu. Jonathon Glassman, mwanahistoria aliyeandika Feasts and Riot mwaka 1995 kuhusu mwambao huohuo, ameonyesha jinsi watumwa na wageni kutoka bara walivyopigania kanzu, kofia na nafasi katika ngoma za mjini ili wahesabiwe kuwa watu wa mji.

Hapo pana hoja ambayo wasemao kupendeza ni pesa hawana jibu lake. Lau pesa peke yake ndiyo ingekuwa inampendezesha mtu, mabwana wasingehitaji marufuku yoyote, kwani ukata wenyewe ungetosha kumzuia mtumwa. Waliweka makatazo kwa sababu walijua kwamba mtumwa akipata kipande cha bafta na fundi mwenye mkono mzuri, akafua na kutia wanga, macho ya watu hayatamtofautisha na bwana wake. Marufuku ile ni ushahidi kwamba umaridadi ulikuwa mikononi mwa wanyonge tangu zamani, na kwamba wenye nguvu waliuogopa.

Wanawake walitoa ushahidi mkubwa zaidi. Vazi la mtumwa wa kike lilikuwa kaniki, nguo ya pamba yenye rangi nzito ya kiza. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922, kaniki iliachwa polepole na kanga ikashika nafasi yake: pamba nyepesi yenye pindo, mji na jina, inayouzwa kwa doti. Waliokuwa watumwa jana hawakungoja kutajirika ndipo wapendeze. Walijifunza mitindo mipya ya kujifunga, walichagua rangi na maneno, na wakaifanya kanga kuwa vazi ambalo hata mabinti wa matajiri walilitamani.

Dharau ya kupima watu kwa bei ya nguo nayo ilikuwapo, na ilishindwa. Mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa mfinyanzi, alipoingia mjini Unguja mwanzoni mwa karne ya 20 alikejeliwa kwa kaniki aliyokuja nayo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, na baadaye mwandishi Shaaban Robert, mzaliwa wa Machui karibu na Tanga, akaandika wasifu wake. Waliomcheka hawakuandikiwa wasifu na mtu. Kauli ya leo kwamba asiye na pesa asithubutu kupendeza ni dhihaka ileile, ila imebadilishiwa maneno.

Kutoka historia, hoja inaingia sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, nguo ziliadimika nchini hata kanga ikapangiwa foleni. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, mitumba ikaingia kwa wingi, na tangu hapo kijana wa Tanga hajawahi kukosa kitambaa. Anachokosa mara nyingi ni jicho la kukitambua.

Belo la mitumba, ambalo kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 45 hivi, likifunguliwa asubuhi huzungukwa na wauzaji wa reja reja na wateja wazoefu. Vipande vya chaguo la kwanza huondoka kwa bei ya juu. Vinavyobaki hushuka bei siku hata siku, mpaka vimwagwe juu ya turubai na kunadiwa kwa bei moja, kizuri na kibaya pamoja. Shati lililopitwa na jicho la mchaguaji Jumatatu linaweza kuuzwa Ijumaa kwa sehemu ndogo ya bei yake ya kwanza, na kitambaa chake hakijabadilika hata uzi mmoja. Katika soko la namna hiyo bei haipimi ubora wa nguo. Inapima siku ya juma na uzoefu wa anayechagua. Kijana anayeshika imani kwamba ghali ndiyo nzuri atalipa zaidi kwa kitu kilekile, na anayejua kuchagua atakipata kwenye turubai.

Kujua kuchagua si kipaji cha kuzaliwa nacho. Kunafundishika, na hatua zake ni chache. Nguo hushikwa kwanza ndani, si nje. Lebo ya ndani hutaja aina ya uzi, na penye joto na unyevu wa Tanga uzi ndio wa kutazamwa kabla ya rangi: pamba na kitani hunywa jasho na kupitisha upepo, lakini poliesta hunata mwilini na kushika harufu. Lebo ikiwa imekatwa, uzi mmoja wa pindoni huchomwa kwa kiberiti mahali pa usalama. Wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa poliesta huyeyuka ukafanya punje ngumu. Kisha nguo huinuliwa juani ili matundu na sehemu zilizolika zionekane, hasa kwenye magoti na makalio ya suruali. Kola, kwapa na mapindo ya mikono hukaguliwa, kwa kuwa madoa ya hapo hayatoki kwa urahisi. Zipu hupandishwa na kushushwa. Mwisho ni mabega. Shati au koti likikaa vizuri mabegani, fundi anaweza kurekebisha karibu kila kilichosalia. Likizidi mabegani, kulirekebisha ni karibu sawa na kulishona upya.

Fundi ndiye anayesahauliwa zaidi na wanaosema kupendeza ni pesa. Tofauti kati ya nguo ya mtumba inayoonekana ya kurithi na ile inayoonekana imeshonwa kwa ajili ya mvaaji hutokea kwenye cherehani ya miguu iliyowekwa kibarazani mbele ya duka. Fundi hufumua mishono ya pembeni, hubana kiuno, hupunguza urefu wa mikono na kupandisha pindo la suruali hadi lifike juu ya kiatu. Akikuta kitambaa cha akiba ndani ya mshono, hutanua palipobana. Kola iliyochakaa huweza kugeuzwa, upande uliolika ukafichwa chini. Gauni pana lililopitwa na wakati hutoa sketi, na kitambaa kinachobaki kikawa kilemba. Malipo ya kazi hizi ni madogo ukilinganisha na bei ya nguo mpya, na matokeo yake ndiyo yanayoonekana na watu.

Hesabu inaonyesha zaidi. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha sekta ya biashara na viwanda kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Tuchukue mfano wa kijana wa kipato hicho anayenunua shati jipya la shilingi 25,000, yaani sehemu ya sita ya mshahara wake, kwa sababu tu ni jipya na limeandikwa jina kubwa kifuani. Likipauka na kulegea baada ya kuvaliwa mara 10, kila alipolivaa limemgharimu shilingi 2,500. Mwenzake akinunua shati la mtumba la pamba kwa shilingi 6,000, akamlipa fundi 4,000, akalivaa mara 100, kila siku ya kulivaa imemgharimu shilingi 100. Bei hubadilika kutoka soko hadi soko, lakini njia ya kupiga hesabu haibadiliki: gharama ya nguo hugawanywa kwa siku inazovaliwa. Kijana akishazoea kugawanya hivyo, jina lililoandikwa kifuani hupoteza nguvu yake.

Pwani inampa kijana nafuu nyingine, nayo ni mavazi ya kwao. Kanga, kikoi, kijora, dera na kanzu ni mavazi ya kitambaa kingi na mshono mchache. Hayadai zipu ya ghali, hayapitwi haraka na mtindo, na mwili ukinenepa au kukonda hayatupwi. Doti moja ya kanga hutoa nguo ya nyumbani, ushungi wa kutokea na, kwa fundi anayejua kupanga mapindo, gauni la kutokea mjini. Binti mwenye vijora vitatu vya rangi zinazokubaliana na mtandio mmoja unaovifaa vyote anaweza kwenda kazini, sokoni na kwenye shughuli bila kuonekana amerudia. Kijana wa kiume mwenye kanzu moja nyeupe isiyo na doa, kofia ya mkono na makubadhi yaliyopakwa mafuta anaingia msikitini Ijumaa na kuketi karibu na tajiri yeyote bila unyonge. Utamaduni huu unatofautiana na ule wa Masapeur, watanashati wa Kinshasa na Brazzaville, ambao jina la mbunifu wa Ulaya ni sehemu ya fahari yao. Mizani ya pwani tangu zamani ni weupe wa kanzu na mkunjo wa pasi.

Nguo hudumu kwa kutunzwa, na hapa pwani ina maadui wake: jua, chumvi na unyevu. Nguo ya rangi ikianikwa juani mchana kutwa hupauka, kwa hiyo hugeuzwa ndani nje na kuanikwa kivulini penye upepo. Kanga mpya hulowekwa kwanza peke yake kwenye maji yenye chumvi, kama wafanyavyo wanawake wengi, ili isichafue nyingine. Wakati wa masika nguo zilizofungiwa sandukuni huota ukungu, hivyo hutolewa kila jua linapochomoza, hupunga upepo na kurudishwa zikiwa kavu kabisa. Jasho likiachwa usiku kucha kwenye shati jeupe huacha manjano ya kwapa. Shati likilowekwa jioni ileile, manjano hayo hayapati nafasi. Wanga huinyoosha kanzu, pasi ya mkaa iliyofutwa majivu huipa mkunjo, na moshi wa udi huipa harufu. Hakuna katika hayo jambo lililo nje ya uwezo wa kijana anayepanga chumba kimoja Makorora au Mabawa.

Iko wapi, basi, pesa inayopotea? Kwa sehemu kubwa iko kwenye sare na mikopo. Harusi za pwani zina mikusanyiko kadhaa, na kila mmoja unaweza kuwa na kitambaa chake kilichochaguliwa na kamati. Binti aliyealikwa na ndugu na mashoga watatu kwa mwaka hujikuta ananunua vitambaa vya shughuli nyingi, avivae mara moja moja. Asiyekuwa na fedha taslimu hukopa, wakati mwingine kwa wale wa mikopo ya kausha damu, ambayo marejesho yake hudaiwa kila siku au kila wiki. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ya mkopo haisitiri zaidi, kwa kuwa mwenye kudai huja mpaka mlangoni. Imani kwamba kupendeza ni pesa ndiyo inayomsukuma binti huyo kwenye deni. Angeaminishwa kwamba kanga aliyonayo, ikifungwa kwa ustadi, inatosha, asingeingia humo. Kamati za harusi zina wajibu hapa: kuchagua rangi badala ya kitambaa, ili kila mwalikwa aje na nguo yake ya rangi hiyo, kunahifadhi uzuri wa shughuli na heshima ya asiye nacho.

Wapinzani wa hoja hii wana majibu yao, na yanastahili kujibiwa. Wapo wasemao kwamba kijana maskini asihangaike na mavazi kabisa, aweke akiba. Mtazamo huo una historia. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969, na kijana aliyejali mtindo akaonekana amepotea. Lakini kumwambia asiye na kitu asijali anavyoonekana ni kumtaka akubali kudharauliwa. Anayetafuta kazi hutazamwa kabla hajafungua mdomo. Anayekwenda kuposa hutazamwa, na mwalimu mpya hutazamwa na darasa zima. Kujitunza ni sehemu ya kujiheshimu, na kwa njia iliyoelezwa hapa kunakula akiba kidogo kuliko uzembe wa kununua ovyo.

Wengine husema ujuzi huu unataka muda, na muda ni mali. Ni kweli unataka muda. Lakini kijana ambaye hajapata ajira ya kudumu ana muda kuliko fedha, na busara ni kutumia ulichonacho kingi. Tena jicho la kutambua pamba na mshono likishapatikana halinunuliwi mara ya pili. Kwa vijana wengi limekuwa mtaji: huchagua vipande vizuri belo linapofunguliwa, huvifua na kuvipiga pasi, kisha huviuza kwa picha za simu.

Hoja nzito zaidi ni ya viwanda. Husemwa kwamba mitumba imeua viwanda vya nguo, kwa hiyo anayeivaa anashiriki kosa. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni kufikia 2019. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za ushuru inazotoa kwa nchi za Afrika chini ya sheria yake ya AGOA, nchi nyingi zilirudi nyuma. Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa nafuu ya mavazi mwaka 2018. Wasiwasi juu ya viwanda ni wa haki. Lakini viwanda vya Tanzania vilianza kudhoofika wakati wa uhaba wa fedha za kigeni, vipuri na umeme, na leo vinashindana pia na nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia. Mzigo wa sera ya biashara ya mataifa hauwezi kubebeshwa kijana anayetafuta shati la kwendea usaili. Zaidi ya hayo, kijana anayejua kitambaa na kumthamini fundi ndiye mteja ambaye kiwanda cha ndani kitamhitaji siku kikisimama, kwa sababu ataitambua pamba nzuri ya nyumbani na kukataa takataka ya kigeni.

Ukweli mwingine usifichwe: vipo vitu ambavyo havina njia ya mkato. Nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania kwa sababu za kiafya, na ni lazima zinunuliwe mpya. Viatu vya kazi ya kusimama kutwa vinastahili fedha zaidi, kwani kiatu kibovu huumiza mwili. Palipo hivyo, pesa itumike bila majuto. Ni kwa sababu hiyo hasa shilingi isipotezwe kwenye jina la shati, ili ibaki kwa ajili ya kiatu.

Yanayofuata kutokana na hoja hizi ni mambo ya kutendeka. Ushonaji unaofundishwa katika vyuo vya VETA usionekane kuwa ni wa wasichana walioshindwa shule; kila kijana, wa kike na wa kiume, anafaa kujua kupandisha pindo, kushikiza kifungo na kufumua mshono. Bibi na mama wanaojua kutofautisha melimeli na tetroni kwa kugusa tu wawafundishe wajukuu sokoni, nguo zikiwa mkononi. Mafundi wa vibarazani walipwe kwa wakati na wapewe sifa yao. Na wazazi waache kuwaambia watoto wao kwamba uzuri ni wa wenye nacho. Kijana wa Tanga mwenye shilingi chache anaweza kupendeza leo, kwa nguo alizonazo au zitakazopatikana sokoni wiki hii, na anayemwambia vinginevyo anamnyima haki ambayo hata watumwa wa Pangani hawakukubali kunyimwa.